Kunguru Yupi? Ndege wa Methali na Ndege wa Ganjoni

1. Utangulizi

Ndege ni wengi katika fasihi ya Kiswahili, lakini ni nadra ndege kuwa ndege. Njiwa hutumwa kupeleka salamu. Kasuku hukariri asiyoyaelewa, au hutoboa siri za nyumba. Chiriku ni mtu wa maneno mengi, mwewe ni mdhalimu na kifaranga ni mnyonge wake. Bundi akilia juu ya paa, watu huanza kuwahesabu wagonjwa wao. Wahakiki wetu wamelizoea jambo hili kiasi cha kutolitilia maanani. Mwanafunzi akiulizwa katika mtihani kunguru anawakilisha nini, hutarajiwa ataje mtu au tabia ya mtu: mwoga, mwizi, mke asiyetulia, mgeni asiyeaminika. Hatarajiwi kumrudishia mwalimu wake swali na kumwuliza: ni kunguru yupi?

Makala hii inakusudia kuliuliza swali hilo. Tunadai kwamba kunguru wa methali tulizozirithi na kunguru anayeonekana leo katika Kisiwa cha Mombasa si ndege mmoja. Kwamba badiliko hilo limeletwa na vitendo vya binadamu. Na kwamba uhakiki unaomwona ndege kuwa ni barakoa ya mtu tu hauna njia ya kulitambua badiliko lenyewe. Uhakiki wa namna hiyo hushiriki, pasi na kukusudia, katika kulificha. Mfano wetu ni Ganjoni, mtaa ambao kunguru wake hawahitaji kutafutwa.

2. Ndege wawili, jina moja

Ganjoni iko upande wa kusini wa kisiwa, kati ya barabara ya Moi na njia ya kuteremkia kivuko cha Likoni. Katika mpango wa uchaguzi mtaa huu umeunganishwa na eneo la bandari, na wadi ikaitwa Shimanzi/Ganjoni. Muungano huo unaeleza mambo mengi kuliko ulivyokusudiwa kueleza. Upande mmoja mna nyumba za ghorofa, maduka, shule na miti ya kivuli. Upande wa pili mna matangi ya mafuta, maghala ya nafaka na malori. Mahali penye chakula kinachomwagika na taka zinazongoja kuzolewa, hapana budi pawe na kunguru. Asubuhi huonekana juu ya mapipa, kuta na nyaya za umeme. Jioni hurejea kwa makundi kwenye miti yao ya kulala, na kelele zao hushindana na honi za magari.

Ndege huyo, ambaye wanasayansi humwita Corvus splendens, ana mwili mweusi na shingo ya kijivu. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, visiwa vilipokuwa vimeingia chini ya himaya ya Waingereza, na kusudi lililotajwa lilikuwa kusafisha takataka za mji. Mombasa alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Tangu hapo ameenea pwani yote, Malindi na Watamu zikiwemo, na amefuata barabara na reli kuelekea bara. Watafiti wanakubaliana kuwa hakuna kundi lake linalojulikana kuishi mbali na makazi ya watu. Palipo na mji ndipo alipo, na pasipo na watu hayupo.

Kabla yake alikuwepo kunguru mwingine, Corvus albus, ndege mkubwa zaidi, mweusi mwenye kifua cheupe na weupe unaozunguka shingo. Huyu ni wa Afrika, na yungali akionekana sehemu nyingi za bara. Ndiye aliyekuwa kunguru wa wazee wa Mvita. Kisiwani amepungua sana, kwa kuwa kunguru wa shingo ya kijivu humfukuza kwa wingi wao na humpokonya chakula na mahali pa kutagia. Wala si yeye peke yake aliyepatwa na msiba huo. Kunguru wa mjini hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Mnana anayefuma kiota chake waziwazi katika kuti la mnazi, chozi anayening'iniza chake kwenye kitawi cha uani, shore na tetere, wote wanalea watoto wao mbele ya jicho lisilolala. Mtu anayesema kwamba bustani za mji zimekuwa kimya asubuhi, kisha akaongeza kwamba kelele za mji zimezidi, hajipingi. Sauti nyingi zimetoweka, na sauti moja imezijaza nafasi zao.

Lugha ya watu wa Mombasa haikukosa kuitambua tofauti hii. Wengi humwita mgeni huyu kurabu, neno lililo karibu na lile la Kiarabu la kunguru. Wasemaji waliona ndege wawili na wakatafuta majina mawili. Darasani, hata hivyo, tunatumia jina moja tu. Tunaisoma methali, tunatazama nje ya dirisha, tunamwona ndege mweusi, na tunaridhika kwamba tumemwona kunguru wa methali.

3. Methali na ushahidi wake

Tuchukue methali mbili zinazojulikana na kila mtu. Ya kwanza husema kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake. Husemwa kwa kumsifu anayejitenga na hatari mapema, au kwa kumtetea anayelaumiwa kwa kukosa ujasiri. Mwanafunzi aliyekulia Ganjoni ana haki ya kushangaa aisikiapo. Kunguru anayemjua yeye hushuka mezani mchana kweupe, hunyakua kipande cha mkate, na akifukuzwa hurudi nyuma hatua tatu tu. Uoga wa ndege huyo uko wapi? Mwalimu atamjibu kuwa methali ni fumbo, asiitazame kwa macho. Jibu hilo humnyamazisha mwanafunzi lakini halimfundishi, kwa sababu aliyeitunga methali aliitunga kwa kutazama. Alimwona ndege aliyekuwa akikaa mbali na watu na kuruka mapema, na akaona hekima katika mwendo huo.

Methali ya pili, fupi zaidi, husema kunguru hafugiki. Aghalabu hutamkwa juu ya mke au mume ambaye hata akitunzwa namna gani hatulii nyumbani, na mara nyingi zaidi hutupiwa mke. Hapa badiliko la ndege linaigeuza maana yenyewe. Kufuga kuna sehemu tatu: kumlisha mnyama, kumzuia asiende, na kuwajibika kwa anachokifanya. Mji wa Mombasa umemlisha kunguru kwa zaidi ya miaka sabini. Umemlisha katika jaa la Kibarani kwa muda wote jaa hilo lilipotumika. Umemlisha nyuma ya masoko, machinjio, mahoteli na majumba yetu. Haukuwa na haja ya kumzuia, maana hana pengine pa kwenda. Kilichokosekana ni sehemu ya tatu. Kwa hiyo yule ambaye methali inasema hafugiki amefugwa kuliko kuku, ila mfugaji hataki kukiri kuwa ndege ni wake.

Msomaji anaweza kutupinga hapa, tena kwa hoja yenye uzito. Anaweza kusema kuwa fasihi si elimu ya wanyama. Kwamba watu husema methali za simba mahali pasipo na simba, na maana haipungui. Kwamba ishara, ikishaingia katika lugha, huwa na maisha yake. Twakubali kuwa ishara ina maisha yake. Lakini simba aliyetoweka huacha nafasi tupu, na msikilizaji huijaza kwa yale aliyoyasikia. Kunguru hakuacha nafasi tupu. Nafasi yake imekaliwa na ndege mwingine mwenye jina lilelile na tabia tofauti, na kila siku ndege huyo hutoa ushahidi dhidi ya methali. Msikilizaji hubaki na njia mbili: aiache methali kama maneno ya wazee yasiyohusika naye, au aifasiri upya kwa ndege aliye naye. Zote mbili ni kazi za uhakiki, na zote mbili huanza kwa kumjua ndege.

Njia ya pili ina faida yake. Wanaofanya kazi ya kuwapunguza kunguru wa mjini wanajua kwamba hawanaswi kwa urahisi. Chambo huwekwa kwanza bila sumu kwa siku kadhaa ili ndege wakizoee, na wakishawaona wenzao wamepatwa na madhara mahali fulani hupashuku mahali hapo. Ndege yuleyule anayetunyang'anya mkate huikimbiza mbawa yake penye hatari ya kweli. Methali inarudi, lakini inarudi na maana kali zaidi. Uoga wake si tabia ya kuzaliwa, bali ni elimu aliyoipata kwa kututazama sisi.

4. Mwalimu wa kaburi na mwenye kuruhusiwa kuuawa

Fasihi ya Mombasa haiwezi kutenganishwa na mapokeo ya Kiislamu, na katika mapokeo hayo kunguru ana nyuso mbili. Katika Sura ya Maida, mwana wa Adamu aliyemuua ndugu yake hakujua la kufanya na maiti. Mwenyezi Mungu alimpeleka kunguru aliyefukua ardhi, na muuaji akajifunza kwake jinsi ya kusitiri mwili wa nduguye, naye akajuta. Hapa kunguru hawakilishi tabia ya mtu. Ni ndege afanyaye kazi ya ndege, naye binadamu ndiye asiyejua. Upande wa pili, hadithi mashuhuri ya Mtume humtaja kunguru miongoni mwa viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa hata katika eneo tukufu la Haram, pamoja na mwewe, nge, panya na mbwa mkali.

Tunazitaja nyuso hizi mbili kwa sababu zinakataa urahisi wa aina mbili. Zinamkataa anayedhani kwamba kila kiumbe lazima kiachwe kifanye kitakavyo, maana madhara yanatambuliwa na kuuawa kwa mwenye madhara kunaruhusiwa. Zinamkataa vilevile anayedhani kwamba mwenye madhara hana la kutufundisha. Kunguru wa Maida alimwonyesha muuaji kitendo chake mwenyewe. Kunguru wa Ganjoni akipasua mfuko wa taka na kuutawanya barabarani, yamkini anafanya kazi hiyohiyo. Anafukua, nasi tunaona tulichokuwa tumekificha.

5. Lugha ya mgeni

Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja wa aina hii kabla ya mwisho wa mwaka huo. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kweli: hatari kwa ndege wa asili, hasara kwa wafugaji wa kuku, na malalamiko ya wenye mahoteli. Pwani ya Kenya ilikuwa imewahi kuwapunguza kwa sumu iliyobuniwa Marekani dhidi ya ndege wengine. Katika Malindi na Watamu walipungua sana, kisha matumizi ya sumu yaliposimama wakaongezeka tena. Hatuna ugomvi na kazi ya kuwalinda mnana na chozi. Ugomvi wetu, kama wahakiki, ni juu ya maneno yanayoambatana nayo.

Katika mazungumzo ya mjini kunguru huyu huitwa mvamizi, mgeni, wa kuja, Mhindi. Aliyesikia maneno hayo katika Mombasa anajua kuwa hayakuanza kwa ndege. Ganjoni ni mtaa wenye familia nyingi zenye asili ya Bara Hindi, nyingine zikiwa na vizazi kadhaa kisiwani. Ng'ambo ya kivuko, Likoni, Agosti 1997, watu waliuawa na maelfu wakahama makwao kwa sababu walihesabiwa kuwa watu wa bara, yaani wageni. Mwaka 1972 serikali ya Uganda iliwafukuza Waasia kwa lugha ya kusafisha uchumi. Msomi wa fasihi hapaswi kudai kwamba mtaalamu wa ndege anayesema spishi ngeni ana chuki na watu. Analo jukumu, hata hivyo, la kusema kwamba neno huja na historia yake, na kwamba mji ulio na historia kama hii hauna budi kuwa na hadhari na fumbo lililo tayari kutumika pande zote mbili. Leo ndege huitwa kwa jina la watu, na kesho watu huweza kuitwa kwa jina la ndege.

Tena neno mgeni halisemi ukweli wa jambo lenyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kunguru hakukaa siku mbili. Alipewa jembe kabla hajafika, kwani aliletwa ili azoe taka. Walisema pia mgeni njoo, mwenyeji apone, na mamlaka ya Unguja ya miaka ya 1890 yalimleta kwa matumaini hayohayo, kwamba mji utapona uchafu wake bila watu kuuondoa wenyewe. Kumwita mvamizi ni kumpa yeye kitendo cha aliyemleta. Katika sentensi kunguru wamevamia Mombasa mtendaji ni ndege. Mtawala, meli, bandari na jaa vimeondolewa kwenye sentensi, na pamoja navyo tumeondolewa sisi. Sarufi ya sentensi hiyo ina faida kwa wengi, na ndiyo maana hurudiwa.

6. Mapokeo mengine ya Mvita

Je, tunayo katika mapokeo yetu njia ya kumsoma ndege bila kumvisha barakoa? Tunadhani tunayo, ila hatujaipa heshima yake. Uhakiki wa ushairi wa Mombasa umejengwa zaidi juu ya fumbo, na kwa sababu nzuri. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, aliishi katika siasa za Mazrui na Masultani wa Omani, na Mohamed Hassan Abdulaziz, katika kitabu chake cha 1979, alituonyesha jinsi tungo zake zinavyofungamana na matukio ya mji wake. Tangu hapo tumejifunza kutafuta mtu na tukio nyuma ya kila taswira. Mazoea hayo yametufaa sana, lakini yametufanya tudhani kuwa nyuma ya taswira ndiko kwenye maana peke yake.

Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyefanya kazi kwa miaka mingi Mombasa, alifuata njia nyingine. Katika Sambo ya Kiwandeo (1979) alikieleza chombo cha baharini pamoja na sehemu zake, na katika Umbuji wa Mnazi (1985) akaueleza mnazi na matumizi yake. Wapo wahakiki waliozichukulia tungo hizo kuwa ni kamusi zilizotiwa vina, kana kwamba hilo ni dosari. Sisi tunaziona kuwa msingi wa uhakiki tunaouhitaji sasa. Mtunzi anayejua jina la kila sehemu ya mti atagundua siku sehemu hiyo itakapotoweka, na mtunzi anayeujua mti kama ishara ya ukarimu tu ataendelea kuusifu hata baada ya kukatwa.

Utungo wa namna hiyo juu ya ndege wa Mombasa ungeeleza nini? Ungemtenga kunguru wa kifua cheupe na kurabu wa shingo ya kijivu. Ungekitaja kiota cha kurabu, ambamo huonekana vipande vya waya pamoja na vijiti, maana ndege huyu hujenga kwa vitu vya mji. Ungekitaja kiota cha mnana na saa ambayo mama yake hukiacha. Ungezitaja pia siku za kuzoa taka na siku zisizozolewa. Baada ya hayo msomaji angekuwa huru kuona fumbo alitakalo, nalo lingekuwa na mizizi.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba swali la kunguru yupi si swali la pembeni katika uhakiki. Methali zetu za ndege zilipata nguvu yake kutokana na kutazama. Vitendo vya binadamu vimembadilisha ndege anayetazamwa, na mhakiki asiyetazama hufundisha maneno yaliyopoteza shahidi wake. Aidha, fumbo lililopoteza shahidi haliwi tupu. Hujazwa na hofu na chuki zilizo karibu, kama tulivyoona katika lugha ya mgeni.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo mawili kwa walimu na wanafunzi wa idara zetu. Kwanza, katika kufundisha methali na tungo zenye viumbe, swali la kiumbe chenyewe, makazi yake na hali yake ya leo litangulie swali la kiwakilishi. Pili, majina ya ndege yanayotumika mitaani, kama kurabu, yakusanywe na kuchunguzwa kabla hayajamezwa na jina moja la vitabuni, kwa kuwa katika majina hayo wasemaji wa kawaida wamehifadhi ujuzi ambao wasomi tumeupoteza.

Ama kunguru wa Ganjoni, idadi yake itapungua siku chakula chake kitakapopungua, na chakula chake ni sisi tunaokitupa. Sumu peke yake imejaribiwa, na pwani inajua alirudi. Wakati huo tutalazimika kuchagua kati ya kuendelea kusema kwamba hafugiki, na kukiri kwamba tulimfuga.